Majivu Ghafi

Mfuko wa kilo mbili, chakula cha paka, chapa ya Mourava.
Mbele, paka wa kuchorwa, macho rangi ya asali,
na maneno manene ya dhahabu: PAMOJA NA KUKU.
Chema chajiuza.
Hiki kimejipaka dhahabu, kinajitembeza.

Nyuma, kwa herufi za kuumiza macho,
ndiko wanakosema kweli.
Miaka thelathini na mmoja nilisoma migongo ya mifuko
katika maabara ya vyakula vya mifugo, hapa hapa Brno,
na leo, mstaafu, miwani juu ya miwani,
nausoma huu kwenye meza ya jikoni.
Kuku: asilimia nne.
Protini thelathini na mbili. Mafuta kumi na nne.
Unyevu kumi. Nyuzinyuzi tatu. Majivu ghafi nane.
Jumlisha, toa kwenye mia:
thelathini na tatu hazina jina.
Hayo ni mahindi, bwana. Hayatajwi
kwa kuwa paka hajui hesabu.

Bublina ananitazama kutoka dirishani.
Kwa lugha yetu maana yake ni kiputo;
Vlasta ndiye aliyempa, siku alipomkuta
amelala ndani ya beseni la kufulia.
Tangu Novemba hajala kitu cha maana.
Nimempa samaki. Nimempa ini la kuchemsha.
Nimempa chapa tatu za bei ya kutia aibu,
kila moja na gramu zake daftarini, kabla na baada.
Mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Huyu jana hakula. Na leo hakula.

Alhamisi nikapanda tramu
na gramu hamsini za Mourava ndani ya chupa ya dawa.
Radim, niliyemfundisha kushika koleo,
alinifungulia tanuri bila kuuliza.
Digrii mia tano na hamsini, saa nne.
Mwanzo hufuka kidogo, harufu ya ukoko,
kisha hapana harufu.
Kinachobaki kwenye kikombe cha kauri ni cheupe, chepesi;
ukipiga chafya umepoteza takwimu.
Nikapima. Nane nukta moja.
Kwenye majivu hawakudanganya.

Nilipokabidhiwa Vlasta
kwenye kidirisha chenye ua la plastiki,
karani akihangaika kutafuta kalamu,
mikono ilipima yenyewe, mazoea tu:
kilo mbili na nusu, ukitoa chombo.
Kwenye ngazi kichwa nacho kikagawanya.
Alikuwa na kilo sitini na mbili kabla ya hospitali.
Asilimia nne.
Sikuiandika popote.

"Si kibaya, mwalimu," alisema Radim, "kwa bei yake."
Nikasema, si kibaya.

Usiku nikapima gramu arobaini kwenye sahani ya kioo,
nikamwekea. Akanusa, akaondoka na mkia wake.
Kijiko kikanidondoka. Nikapiga magoti,
nikapapasa chini ya kabati, na huko, nyuma ya mguu wa jiko,
nikakuta kifuniko cha kopo la aiskrimu,
kimelambwa miaka na miaka
hata jina la kiwanda limefutika.
Sikujua. Hapa ndipo alipokuwa akimlishia,
mimi nikiwa sebuleni nasoma magazeti.

Nikamimina humo kwa kiganja.
Goti likakataa kuinuka, nikabaki sakafuni,
mgongo kwenye mlango wa friji unaotetemeka.
Akaja. Akanipita kama fanicha.
Kisha sauti ile, kama mtu anayetembea
juu ya kokoto, polepole, hana haraka ya kufika.

Daftari, ukurasa wa kumi na tisa:
Mourava. Nyama haba, mahindi tele, lebo halali.
Amekula. Kiasi:
na hapo pana nafasi tupu
ambayo zamani ningemfukuzia kijana kazi.