Pumzi ya Ubeti wa Pili

Saa kumi alfajiri, Tampere. Tanuri la kwanza limeshika moto,
mikate myeusi imejipanga kama wanafunzi waliochelewa,
nje baridi inang'ata hadi kope,
na redio, yenye unga masikioni tangu nilipoajiriwa,
imeamua, bila kuombwa, kuwapiga Saimi na Torsti.

Naacha kila kitu.
Unga uumuke upendavyo.
Wimbo una dakika tatu na sekunde tisa,
nami nangoja sekunde moja tu.

Nisikudanganye: wenyewe si wa ajabu.
Ngoma ni ya mashine, yagonga kama bomba bovu la maji moto;
kinanda kina sauti ya plastiki;
maneno ni ya mvulana, kituo cha treni,
na mwavuli uliosahauliwa,
na nani hajawahi kusahau mwavuli?
Dada yangu Orvokki aliuita chai isiyo na majani.

Lakini ubeti wa pili, kabla ya neno "rudi",
Saimi anavuta pumzi.
Si pumzi ya mwimbaji anayejaza kifua.
Ni ya mtu aliyefungua mlango
akamkuta aliyedhani yuko mbali.
Fupi, kali. Kisha "rudi" inatoka imelowa ukingoni,
na mashine ya ngoma, isiyojua lolote,
inaendelea kugonga.

Miezi kumi na tisa walidumu.
Santuri moja ndogo, upande wa pili wa kujazia tu,
picha moja gazetini, sweta za sare,
kisha kimya, kama theluji ifukiayo nyayo.
Kidole kimoja hakivunji chawa, tunaambiwa;
hatuambiwi vidole viwili huvumiliana muda gani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita.
Niliunasa kwenye kaseti, kidole juu ya kitufe,
nikimwomba mtangazaji afumbe mdomo.
Hakufumba. Hadi leo ukiisha
masikio yangu yanangoja habari za barafu
kwenye barabara ya Lahti.

Nimependa nao, nimeachwa nao,
nimeosha nao sahani za msiba wa baba,
sahani arobaini na moja,
nikirudisha utepe kwa kidole chenye povu.

Mwaka juzi mama yangu, Lempi, alihitaji meno.
Fundi wake, nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa,
alikuwa mzee mwembamba, vidole safi kupita kiasi.
Koti lake lilidariziwa jina: Torsti.
Safari ya kwanza nilimeza swali.
Ya pili nikalimeza tena, likanikwaruza koo.
Ya tatu nikauliza.

Akaliweka chini taya la nta.
"Ile pumzi," akasema. "Nilimkanyaga mguu.
Chumba kidogo, kipaza sauti kimoja,
viatu vyangu vipya, vya kisigino kigumu.
Hela ya kurudia hatukuwa nayo."
Akacheka.
"Akaniangalia hivi."
Na akaonyesha, akiutazama ukuta,
na hakuurudisha uso wake mapema.

Sikuuliza Saimi yuko wapi.
Mama akatafuna kipande cha mkate,
akatangaza kwamba upande wa kushoto unabana.

Basi miaka yote ile nilikuwa nikilia
kwa sababu ya kidole gumba cha mguu.
Nilitarajia wimbo ungekufa mkononi mwangu,
kama kiinimacho ukishaonyeshwa mfuko wa siri.
Haukufa. Umeongezeka watu:
sasa ndani yake mna chumba, mna viatu,
mna mvulana aliyetaka kuomba radhi
na mashine ya ngoma haikumpa nafasi.

Hiyo hapo. Inakuja. Tulia.
Saimi anavuta, nami navuta,
mguu wangu wa kushoto umejikunja ndani ya kiatu.

"Rudi."

Safu ya tatu imeungua.
Nitaila mwenyewe.