Nusu Ndoo

Saa kumi na moja alfajiri El Alto bado imejigubika blanketi,
mimi Fortunata Yujra nimo zamuni:
vibanda thelathini na viwili vya gari la waya,
nusu ndoo kwa kila kimoja.
Nusu. Msimamizi amechora mstari mwekundu ndani ya ndoo
na huja kuchungulia
kama anayempimia mgonjwa maziwa.

Kioo kina ukungu wa pumzi za jana.
Napitisha mpira mara moja, kuanzia kaskazini,
na huko mbali anatokeza Illampu,
bega limemeguka, meno nje, hana salamu.
Nyuma yake Ancohuma, anayemzidi kimo
ila mpole, basi hatajwi sana.
Ndivyo ilivyo hata kwa watu.

Napitisha tena. Chachacomani,
mkeka mweupe uliosahauliwa uani.
Condoriri: kichwa katikati, mbawa mbili juu,
ndege anayejiandaa kuruka tangu enzi za mababu
na hadi leo hajaamua.
Halafu Huayna Potosí, karibu mno,
utadhani atakuomba kiberiti.
Wageni humpanda kwa siku mbili,
hushuka midomo imebabuka, wakicheka, wamelipa.

Hapa mkono wangu hupunguza mwendo.
Huyu mfupi, mweusi, ni Chacaltaya.
Baba alifanya kazi kule. Alitunza injini ya lori kuukuu
iliyovuta kamba, kamba ikavuta watu
waliofunga mbao miguuni,
wakafika juu, wakateremka, wakapanga foleni tena.
Mama alicheka hadi machozi: kulipia kupandishwa
ili uteremke ulikotoka!
Barafu ilikuwa ndefu kama ulimi wa ng'ombe.
Ikawa ulimi wa paka.
Ilipokwisha, Baba aliendelea kwenda, miezi minne,
kupaka grisi kamba isiyovuta mtu.
Jioni hakusema neno.
Viganja vyake tu vilinuka kazi.

Mkono wa kulia sasa. Mururata, bapa, hana kichwa:
aliringa mbele ya mkubwa wake, bibi alisema,
akapigwa jiwe la kombeo,
kichwa kikaruka hadi magharibi ya nchi
na huko kimekaa peke yake, kinaitwa Sajama.
Na mkubwa mwenyewe, Illimani.
Nilipokuwa mtoto nilidhani amewekwa na halmashauri,
kama mnara wa saa.

Upande wake wa nyuma sijawahi kuuona.
Dada yangu Primitiva anaishi huko chini, kwenye migomba,
ambako mlima huporomoka ndani ya ukungu wa joto.
Huniletea machungwa.
Nikimenya moja hapa, kwenye baridi hii,
vidole vyangu vinajua
kwamba safu hii ina mgongo mwingine.

Nachovya kitambaa. Maji yanang'ata hadi kwenye mfupa.
Yametoka Tuni, bwawa lililo chini ya zile mbawa,
na bwawa linakunywa kutoka kwenye barafu.
Kwa hiyo, ukiniuliza kazi yangu,
ninafuta mlima kwa mlima.

Husemwa milima haikutani.
Imekutana humu, kwenye ndoo ya plastiki yenye ufa,
imechanganyika na sabuni,
na haifiki mstari.

Saa kumi na mbili na nusu. Kibanda cha mwisho.
Mvulana wa shule anaingia na begi lake,
anabandika uso kwenye kioo nilichokimaliza sasa hivi.
Anapojiondoa, alama ya pua
imekaa palepale juu ya Illimani.

Natazama ndoo. Tone.
Milango inafunga, waya unanguruma,
na mlima unaondoka na pua yake.