Nne kwa Kumi

Hukumu zilitoka Alhamisi, saa tisa alasiri,
Dundee ikiwa imeshawasha taa zake,
maana Novemba huku jua huaga kabla ya chai.
Ofisi yetu iko juu ya duka la mazulia.
Siku hiyo tulitembea kama tumo ndani ya duka.

Mimi ndiye niliyechonga milango.
Si mashujaa, si mapanga, si lile joka
lililokula mishahara ya watu watano.
Milango. Mia nne na kumi na miwili,
bawaba, makomeo, mlio wa kila kitasa:
miaka miwili na miezi mitatu ya maisha yangu
ambayo mtu huipita kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Fraser alisoma kwa sauti, kasimama juu ya kiti.
Tisa! Tukapiga meza.
"Joka linapumua kama joka hasa."
(Alikutana nalo wapi, sikuuliza.)
Saba. "Mrefu kuliko subira yangu."
Saba tena. "Umekwisha ndio kwanza unanoga."
Nane, kutoka kwa bwana mmoja wa Leeds
aliyewaita farasi wetu punda,
kisha akawasifu punda hao aya nzima.
Tano. Halafu sita na nusu,
na Iwona akauliza ile nusu wameikata wapi.

Hatukuwa peke yetu mizanini wiki ile.
Gemu ya magari ilipewa nane kwa kung'aa,
mwingine akaitupa kwa kung'aa kulekule.
Ile ya bibi anayelima kabichi Wales,
mmoja kaiita tiba ya roho,
mwenzake kaiita dawa ya usingizi;
nikawaza, huenda wote wawili walilala vizuri.
Ile ya mpira ni ya mwaka jana, jezi mpya.
Wote wamesema hivyo. Wote wameipa saba.

Ya mwisho kwetu ilikuwa nne.
Fraser hakuisoma. Alishuka kwenye kiti.

Penye wengi pana mengi, sawa,
lakini mengi hayo hujumlishwa, hugawanywa,
yakabaki namba moja: sitini na sita.
Mkataba ulisema ikifika sabini, bonasi.
Catriona alipiga hesabu upya, bila ile nne,
akaona ingefika, akafunga kompyuta polepole
kama mtu anayemfunika mtoto.

Niliisoma mwenyewe ndani ya basi la Lochee,
madirisha yamejaa pumzi za watu.
Mwanamke, Morwenna fulani, wa Truro.
Joka hakulipenda. Hadithi aliiita
uji uliopashwa moto mara tatu.
Punda hakuwataja kabisa.
Halafu, kabla ya kufunga, maneno haya:

"Lakini kuna mlango wa jikoni, nyumbani kwa mjane.
Haufunguki, wala haukukusudiwa kufunguka.
Chini rangi imechubuka, pale ambapo
mtu amekuwa akiusukuma kwa mguu
kwa sababu mikono imebeba kitu.
Nilisimama pale dakika kumi."

Mchubuko ule niliutia usiku, bila kuagizwa.
Ni mlango wa mama, Korogwe, miaka ya ndoo.
Yule wa tisa alipita mbio; alikuwa na joka la kuwahi.

Nilipitiliza vituo viwili,
nikarudi kwa miguu, mvua ikija ya ubavuni.

Asubuhi wameibandika ile tisa ukutani, juu ya birika.
Fraser kasema yule wa Truro ana chuki,
ametunyima Krismasi.
Nikaitikia, "Ana chuki kweli,"
kwa kuwa watoto wa Iwona walishaahidiwa baiskeli,
na ningesema nini?

Kwenye orodha ya majina nimeandikwa Kibwanna, n mbili.
Nimefungua faili la gemu inayofuata.
Wanataka milango mia sita,
na safari hii, wamesema, yote ifunguke.