Chanjo, Ruai

Asubuhi ya Ruai ina ubaridi wa kisu.
Mumbua amezima pampu. Maji yametulia
ndani ya turubai jeusi,
nasi tumepanga meza, mabeseni, taulo bichi,
sindano fupi kuliko ya kushonea kifungo.

Februari iliyopita, joto lilipopanda,
perege walianza kuzunguka.
Duara, duara, kama waliopoteza ufunguo,
macho yamewatoka, ngozi imevilia damu.
Mumbua aliwachota kwa ndoo ya rangi,
akahesabu hadi elfu moja mia tisa,
kisha akaacha kuhesabu,
akawafukia nyuma ya choo, akamwaga chokaa.
Jirani akauliza: nani kakuroga?
Daktari Kerubo akasema: bakteria.
Jirani akauliza: huyo ni wa ukoo gani?

Leo beseni la kwanza tumelitia mafuta ya karafuu.
Ua zima linanukia pilau ya harusi.
Wanalegea mmoja mmoja, wanalala ubavu,
matamvua yakipepea polepole.
Nampokea kiganjani, uzito wa ndimu mbili.
Kidole gumba tumboni, ncha iingie kwa mshazari,
tone lisilojaza jicho la kuku.
Ni mdudu yuleyule, asema Kerubo, ila ameuawa;
mwili uisome sura yake mapema,
kama picha ya mwizi iliyobandikwa mlangoni pa duka.

Samaki mkunje angali mbichi, walituusia.
Hawakusema mchome.

Mia sita kufikia saa nne. Kifundo cha mkono kinawaka.
Wa mia sita na kumi na tatu akafurukuta,
ncha ikanipata mimi.
Kerubo akanivuta hadi mferejini, akanikamua damu,
akanitazama machoni kitambo
ndipo akacheka: basi wewe hutazunguka.

Nina kovu begani, la siku nisiyoikumbuka.
Mama alipanga foleni Kayole toka alfajiri,
nami mgongoni, nikilia, yasemekana,
hata kabla ya kufikiwa.
Hawa hawalii.
Wanazinduka katika beseni la pili, wanapiga mkia,
wanateremka kwa bomba bila kuaga.

Wanne hawakuamka.
Mumbua aliwalaza kwenye sahani ya bati, akaifunika.
Wiki tatu, Kerubo alisema akikunja glavu,
ndipo mwili uelewe.
Wiki tatu, Mumbua akarudia,
akawasha pampu.
Povu likapanda. Tukapakia mabeseni garini
naye bado amesimama ukingoni,
shingo mbele,
akitafuta yule wa kwanza kuzunguka.