Mujinga

Ulizaliwa kitovu kimekuzunguka shingo,
bibi yako akakuita Mujinga, kwa desturi ya kwao.
Kisha akaja shuleni yule mwalimu mgeni, wa pwani,
akaita majina, akafika kwako,
akacheka hadi chaki ikamdondoka.
Ulirudi Katuba macho yamevimba.
Nikakuambia: nyamaza, mwanangu,
anayedhaniwa hajui kitu
husimuliwa kila kitu.

Sikujua nakufundisha kazi.

Mimi msusi. Kwenye kiti changu cha plastiki
wanawake huinamisha kichwa na kumwaga:
nani kauza nyaya za shaba usiku,
mume wa nani ana sufuria la pili kule Ruashi.
Wewe chini, kwenye kipande cha mkeka, unanipa uzi,
mmoja, mmoja.
Jioni, tukisonga bukari, ulinirudishia mazungumzo yote
pamoja na nani alikohoa, na alipofika wapi akakohoa.

Sasa unataka jeshi. Na si bunduki,
unataka chumba cha nyuma, chenye ramani na redio
na watu wasiotaja walikokuwa jana.

Basi saa kumi alfajiri nakaa kizingitini
na saa ya marehemu baba yako, ile iliyopasuka kioo penye tisa.
Unakimbia hadi kwenye reli na kurudi.
Dakika arobaini na moja.
Nasema arobaini na mbili, ili kesho ukaze.
Unapumua, unaniangalia:
«Mama, kope zako zimecheza.»

Usiku, umeme umekatika, nakushikia mshumaa
na kitabu cha Kireno.
Nasoma maneno nisiyoyajua, nayavunja meno,
wewe unayaunga.
Nta imemwagikia ukurasa wa sabini. Usinidai.

Mwezi wa tano walikuja wawili,
viatu safi mno kwa vumbi letu.
Waliuliza kwa fundi baiskeli, kwa mchungaji,
hata kwa yule mlevi wa pembeni, aliyekusifu hadi nikaona aibu.
Kwangu walikunywa chai.
«Mama, mlizaliwa wangapi?»
Nikasema sita.
Mmoja akaandika sita.

Daftari la namna ile nililiona zamani,
usiku walipomchukua mjomba wako Kabange
na shati lake la kulalia, mguu mmoja kiatu, mmoja hapana.
Hakuna aliyekuja kuniambia
lini nianze kusema watano.

Haya hujayasikia kwangu. Pengine uliyasikia zamani,
pale chini, kwenye mkeka, ukinipa uzi.

Usiniulize basi kwa nini nakung'arishia viatu.
Napaka rangi, nasugua, nasugua tena,
na kila jibu ninalopata lina tundu.
Labda nasema: kama daftari halina budi kuwepo,
lishikwe na mtoto aliyejua kusikiliza kabla ya kujua kuandika.
Labda ni mama tu, viatu ni vya mwanawe.
Ila ukiandika jina la mtu, Mujinga,
liandike lote. Lina mtu aliyelichagua,
aliyekaa na kitoto usiku akilijaribu mdomoni.

Siku ya kuondoka ulibeba karanga, soksi pea tatu,
na kitana changu cha mbao, uliyedhani sikuona.
Hukusema kambi gani. Sikuuliza.
Mimi! Sikuuliza.
Hakuna zawadi niliyowahi kutoa iliyonigharimu hivyo.

Leo Mama Nkulu yuko kitini, nusu kichwa kimesukwa.
«Na binti yako, mbona haonekani?»
«Anasomea uhasibu. Kolwezi.»
Akageuza shingo: «Uhasibu wa nini?»

Nikavuta msuko, nikaukaza hadi kwenye ngozi.
Akanyamaza kwa maumivu.
Nami pia.