Kulabu ya Mwisho

Oulu, Desemba. Jua limechomoza saa nne na nusu,
limeitazama theluji kama mgeni asiyevua viatu,
na saa nane halipo.

Raisa Kemppainen hakuliona.
Alikuwa ndani ya kiini cha mfumo,
kule programu zetu zisikoruhusiwa kuingia,
akigawa vihesabio.

Vipo vinne tu, vimechongwa kwenye silikoni.
Waombao kuhesabiwa ni wengi:
mizunguko ya saa, amri zilizokamilika,
matawi ambayo prosesa iliyakisia, ikakosea, ikarudi kimyakimya
kama mtu aliyempungia mkono asiyemjua.

Na si kila tukio hukaa popote.
Mizunguko haichagui. Ipe cha kwanza, ipe cha tatu, sawa.
Lakini kule kuisubiri kumbukumbu, yule ana nongwa:
kihesabio cha pili, au hahesabiwi.

Msimbo wa zamani uliwapanga kwa kuwahi.
Veijo aliuandika miaka kumi na tisa iliyopita,
akaacha dokezo la mstari mmoja: *Hii inatosha kwa sasa.*
Haikutosha. Mizunguko ikakalia cha pili,
mwenye nongwa akafika, akakuta kiti kina mtu,
na mashine ikaandika sifuri.
Si "sijui". Si "sikumpa nafasi".
Sifuri, kwa uso mkavu.

Saa tisa na nusu akamfuata mwanawe chekechea.
Ukutani kulabu nne. Tatu zina benchi chini yake;
ya mwisho tu ndiyo huachia suti ndefu ya theluji ining'inie.
Suti ya Eelis ipo sakafuni, imelowa,
na kulabu ya mwisho imeshika kofia,
kikofia cha sufu ambacho hata kitasa cha mlango kingekibeba.

Raisa akasimama, buti moja mkononi.
"Äiti, twende."
Akakihamisha kikofia. Akaitundika suti.
Mwenye mahali pamoja atangulie;
wa popote atapata popote.

Usiku aliandika mistari sitini, akafuta arobaini na mmoja.
Wakizidi wanne, wapokezane: saa ikigonga, huyu ainuke, yule akae,
kisha hesabu yake ikuzwe kufidia muda aliokosa.
Hapo akasita. Kukisia si kuhesabu.
Akaongeza namba mbili pembeni, muda aliosubiri, muda aliokaa,
ili msomaji ajue tulimwona kiasi gani
na kiasi gani tulimdhania.

Dokezo la Veijo hakulifuta.
Alilishusha tu, likakaa chini ya mistari yake.