Pua ya Kukodi

Walinichagua kwa sababu sivuti sigara, sipati mafua,
na katika glasi kumi za maji waliyonipangia
niliitambua ya saba, iliyodondoshewa tone la mafuta ghafi.
"Una pua wewe," alisema yule wa maabara,
kama kwamba wengine hawana.
Verlene Bosarge, mpishi wa shule, miaka hamsini na mitatu:
nikaandikiwa mkataba wa pua.

Marufuku manukato, vitunguu, dawa ya meno yenye mnanaa,
sabuni yoyote inayojifanya waridi.
Saa mbili asubuhi nainamia bakuli la kamba.
Nafunua kifuniko kidogo, kama anayechungulia mtoto aliyelala,
navuta mara tatu, fupi fupi,
nafunika.
Kati ya bakuli na bakuli, kipande cha tikiti maji
cha kuisuuza pua.
(Tangu mwaka ule siwezi kula tikiti.)

Fomu ina visanduku viwili: IPO. HAIPO.
Hakuna cha tatu.

Uozo naujua. Nimelisha watoto mia tatu kwa siku,
samaki akianza kugeuka namjua angali kwenye lori.
Huu si uozo. Hawa wabichi,
macho meusi yanang'aa, maganda yamekaza,
mama yangu angewanunua bila kupatana bei.
Ila chini kabisa, nyuma ya chumvi,
nyuma ya lile tope tamu la mto,
kuna gereji.
Kuna mtu amefuta mikono kwa tambara akalisahau.

Hapa Bayou La Batre mtu na boti ni jina moja.
Ukimtaja Thiệp umetaja Nyota ya Hai Phong;
ukimtaja kaka yangu Doyle umetaja Bibi Arlette.
Sampuli hazina majina, zina namba,
ili pua isione haya.
Lakini mfuko wa barafu wa namba arobaini na moja
ulisahaulika kwenye sinki,
na shingoni ulikuwa na fundo la mkono wa kushoto, kitanzi mara mbili,
fundo ambalo hata mimi nalifunga,
baba alitufundisha tukiwa tumekalia ndoo.

Nikafunua. Nikavuta mara tatu.
Nikavuta ya nne, isiyoruhusiwa.

Kamba hukatikia pembamba, na sisemi wale wa bakulini.
Pembamba siku ile palikuwa hapa,
kati ya macho yangu na mdomo.

Kampuni ilileta ndege, ikaimwagia ghuba dawa
ya kuyazamisha mafuta yasionekane.
Maji yakameta. Wapiga picha wakarudi kwao.
La kuvunda halina ubani, husemwa,
lakini wao ubani wanao, kwa mapipa.
Na hiyo dawa, niliuliza, inanukaje?
"Haina harufu," alisema yule wa maabara,
"wala hutakiwi kuinusa."
Basi nanusa kile tu kinachokubali kunuswa.

Niliandika IPO.
Mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka baadaye, kwenye usukani.

Eneo lote la Doyle likafungwa majuma tisa.
Hajui kwamba ni mimi. Au anajua.
Jumapili moja, walipokwisha kulifungua, alikuja,
akatua debe la kaa wa kuchemsha juu ya meza yangu,
akakaa bila kuvua kofia.
"Nusa," alisema, "halafu tule."

Nikainama.
Palikuwa na pilipili, limau, saumu, siagi inayoyeyuka,
palikuwa na dizeli ya shati la kaka yangu,
ile iliyokuwamo ndani ya shati la baba,
ile niliyolalia kifuani nikiwa mtoto,
na sikujua harufu ya nyumbani inaishia wapi
na ile ya glasi ya saba inaanzia wapi.

Nikavunja gando la kwanza.
Yeye hakugusa kitu.
Alikuwa ananitazama pua.